Mama Mkwe Kwenye Keria

Bujiku aliamka ndani ya gari lake. Shingo ilimuuma, goti lilikuwa limebanwa na mkono wa gia, na kuku alikuwa juu ya boneti akimtazama kupitia kioo kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa pale pale mbele, ya bati, yenye vyumba vya kutosha. Ila ndani alikuwa amelala mama mkwe wake, na mtu mwenye adabu haweki ubavu chini ya paa moja na mama mkwe.

Mama Zipora naye hakuwa amekuja kumbana mtu. Binti yake, Zipora, mke wa Bujiku, alikuwa ameitwa Ngokolo kumwangalia mdogo wake aliyejifungua. Mtoto wao wa kike, Mbuke, alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, akaachwa na bibi. Mkwe yuko machimboni, walisema, hatarudi karibuni. Kisha shimo la mkwe likajaa maji na mkwe akarudi, na sururu begani, akamkuta mama mkwe uani anamenya karanga za mbegu. Bibi akageukia ukuta. Bujiku akageukia zizi. Wakasalimiana hivyo, kila mmoja akiisemesha sehemu yake ya boma.

Tangu hapo walikuwa wanazungumza kupitia kwa Mbuke, ambaye bado hakujua kusema zaidi ya "maji" na "sitaki."

"Mbuke, mwambie baba yako uji upo jikoni."

"Mbuke, mwambie bibi yako nimeshukuru sana."

Mbuke alikuwa akimtazama huyu, akimtazama yule, kisha akiendelea kula udongo. Hakumjua baba yake. Alizaliwa baba yuko shimoni, akatambaa baba yuko shimoni, na sasa lilipomsogelea hili jitu lenye ndevu na macho mekundu, alitoa yowe lililowafanya majirani watoke nje.

Na lile gari? Bujiku alilinunua kabla Mbuke hajazaliwa, msimu mmoja ambao mwamba ulimfungukia. Wenzake walinunua ng'ombe, wengine wakaongeza wake. Yeye alinunua pikapu nyeupe, akaipeleka hadi nyumbani ikiendeshwa na aliyemuuzia, na yule mtu alipomkabidhi ufunguo na kuaga, ndipo Bujiku alipokumbuka kwamba hajui kuendesha. Akamwajiri kijana mmoja, Makoye. Makoye akawa anashika usukani, Bujiku anakaa pembeni, mkono nje ya dirisha, anapungia watu. Kijijini wakamwita Bwana Pembeni. Aliitika. Maisha yake yote, mpaka tunamzika, hakuna aliyemcheka Bujiku kuliko Bujiku mwenyewe, na habari hii aliisimulia hata kwenye misiba ya watu, kwa sauti ya chini, mpaka wafiwa wakaficha nyuso zao kwenye khanga.

Asubuhi ile Makoye hakuwepo. Alikuwa kwao Isaka, kwenye arobaini ya babu yake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bujiku, umelala kama kitu kisicho na kazi.

*

Bibi alikuwa amerudi kwenye karanga zake. Mbuke alikaa kando yake, ana mafua, kamasi zinashuka, anaokota punje moja moja na kuiweka kwenye kikombe. Bibi alimsifu. Kisha kikombe kikasahauliwa, na mtoto akatafuta mahali pengine pa kuweka.

Bibi alipogeuka, Mbuke alikuwa amejishika pua na anapumua kwa mdomo, kwa mlio mwembamba kama wa nyenje.

Alimbeba mgongoni mpaka zahanati, ambayo haikuwa mbali. Mhudumu wake, Asteria, alikuwa na mwanamke wa uchungu kitandani, lakini alikuja. Alimulika tochi, akaiona punje, akajaribu kuitoa kwa kibanio. Mtoto alirusha kichwa. Punje ikazama ndani zaidi, isionekane tena.

Asteria hakuficha. Aliandamana na bibi mpaka nyumbani, haraka haraka, akiongea njiani, na alipofika uani akarudia yote mbele ya Bujiku.

"Mpelekeni Kahama, hospitali, sasa hivi. Mimi hapa sina chombo cha kuitoa. Msimlaze chali, awe wima muda wote. Na asilie! Akilia atavuta pumzi kwa nguvu, na ile karanga inaweza kuteremkia kwenye njia ya hewa. Ikifika huko..." Alifuta mikono yake kwenye gauni. "Msimwache alie, basi. Afadhali nyie gari mnalo."

Wote watatu wakaligeukia gari. Lilikuwa linang'aa, maana Bujiku aliliosha jana kwa kukosa kazi.

"Gari lipo," alisema Bujiku. "Anayekosekana ni mimi."

"Maana yake nini? Si unakaa humo kila siku?"

"Nakaa, dada. Hata kulala nalala."

Asteria alisonya. Lakini Bujiku alikuwa tayari anaufuata mlango wa kulia, mlango ambao hakuwahi kuupitia. Alijisemea kwamba mwaka mzima amemwona Makoye akifanya, na Makoye si mtu mwenye akili nyingi. Bibi alielewa, akazunguka nyuma. Angekaa kwenye bodi na mtoto, mkwe mbele, ukuta wa kebini katikati. Hata mababu wasingekuwa na la kusema. Alikuwa ameinua mguu kupanda pale Bujiku alipozungusha ufunguo.

Gari liliunguruma. Bujiku alikanyaga kilichokuwa chini ya mguu, akavuta kilichokuwa mkononi. Pikapu iliruka mbele kama mbuzi aliyepigwa jiwe, ikamwacha bibi ameinua mguu hewani, ikapita juu ya banda la kuku, ikazama kwenye ua wa minyaa na kunyamaza. Utomvu mweupe ulitiririka kwenye kioo.

Jirani yao, Mzee Mageni, alichungulia kutoka upande wa pili wa ua.

"Bwana Pembeni! Naona leo umehamia katikati!"

"Nimehamia kwako, mzee. Nipe kiti."

Bibi alishusha mguu taratibu. "Mbuke," alisema, akimpapasa mtoto mgongo, "mwambie baba yako namwachia gari lake."

*

Siku ile ilikuwa ya mnada wa ng'ombe, na kila baiskeli ya kijiji ilikuwa imekwenda mnadani na kila mwanaume aliyejua kuipanda. Padri alikuwa na gari, lakini yeye na gari lake walikuwa Shinyanga. Ilibaki baiskeli ya Mzee Mageni, iliyobaki kwa sababu goti la mwenyewe lilikuwa limevimba.

"Chukua," alisema Mageni. "Breki ya mbele haipo, na ya nyuma inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea kama unashuka au unapanda. Ukipanda inashika vizuri."

Bujiku alifikiri jambo rahisi: atamfunga mtoto kifuani na kuondoka peke yake. Alinyoosha mikono. Mbuke aliinua uso begani kwa bibi, akaliona lile jitu linakuja, akafungua mdomo.

"Mwondoe huyo!" Asteria alipiga kelele. "Mwondoe! Nimesema asilie!"

Bujiku alirudi nyuma mpaka akagonga gari lake. Mbuke alifunga mdomo, akameza kilio, ule mlio mwembamba ukarudi. Katika boma lake mwenyewe, mbele ya majirani, baba alikuwa ndiye ugonjwa ambao mtoto hatakiwi kuukaribia.

"Basi," alisema Asteria, kwa sauti ya chini sasa, "bibi ampakate, baba aendeshe. Mimi nina mtu anajifungua. Kwaherini."

Akaondoka, akawaachia lile neno katikati ya uwanja. Bibi kwenye keria. Ya mkwe. Amemshika kiuno, maana kwenye keria hakuna pengine pa kushika. Mama Zipora alikuwa hajawahi hata kulitamka jina la huyu mwanaume. Bujiku alikuwa hajawahi kumtazama usoni. Ukimwonyesha soko la wanawake wa umri wake angemtambua kwa visigino.

Mzee Mageni alikohoa. "Mimi macho yangu siku hizi hayaoni vizuri," alisema. "Na mto ninao."

"Mto wa nini?"

"Tunakufunga mgongoni. Mama atashika mto. Hatakushika wewe. Nani atasema alimshika mkwe? Alishika mto wa Mageni."

Ulikuwa mto wa pamba, wenye maua yaliyotariziwa na maneno *Usingizi Mwema*. Mageni alimfunga Bujiku mto ule mgongoni kwa khanga ya bibi, akakaza fundo kifuani. Bibi alimfunga mtoto kifuani pake akiwa wima, akafumba macho, akapanda keria upande upande, akashika pembe za mto kama mtu anayeshika sahani ya moto.

"Mbuke," alisema akiwa bado amefumba macho, "mwambie baba yako aende."

*

Barabara ya Kahama ilikuwa mchanga, kisha changarawe, kisha mchanga tena. Bujiku alikuwa na nguvu za kuchimba, si za kupiga pedali; nguvu za kuchimba zipo mabegani, na mabega yake yalikuwa hayana kazi yoyote isipokuwa kubeba mto. Jasho lilimwingia machoni. Nyuma yake alisikia vitu viwili tu: mnyororo uliokuwa ukilalamika, na ile pumzi nyembamba ya mtoto. Kila ilipochelewa, naye alichelewa kuvuta yake.

"Mbuke," alisema bibi, "mwambie baba yako mbele kuna shi—"

Gurudumu lilizama shimoni. Baiskeli iliruka, mtoto alishtuka, akaanza kunung'unika. Bibi alimbembeleza, akamwimbia sikioni, akamtuliza. Walisonga.

"Mbuke, mwambie baba yako upande wa kushoto kuna jiwe ku—"

Wakalipiga jiwe. Safari hii Mbuke alipaliwa na kohozi, akakohoa, na kwa muda ambao wote wawili hawakuweza kuusahau, hakupumua kabisa. Bibi alimwinamisha, akampigapiga mgongo. Pumzi ikarudi, ikikwaruza. Mbele ya barabara korongo lilikuwa linakuja, na baiskeli ilikuwa inashuka kulielekea, na breki ilikuwa inategemea.

"Bujiku!" alipiga kelele Mama Zipora. "Kulia! Kulia nakwambia! Weka miguu chini, wewe!"

Bujiku nusura aanguke, si kwa korongo, bali kwa jina lake. Aliburuza miguu yote miwili, kandambili moja ikabaki nyuma, wakasimama kwenye ukingo.

"Ndiyo, mayu," alisema. Alikuwa hajawahi kumwita mama kwa mdomo wake.

"Usiniitikie. Endesha."

Kuanzia pale Mama Zipora hakunyamaza. Ilikuwa kana kwamba miaka yote ya kuzungumza na kuta ilikuwa imehifadhiwa mahali, na sasa imepata mlango. Kushoto. Kulia. Taratibu hapo. Kanyaga, wewe mwanaume gani, unapiga pedali kama unasaga ulezi. Na katikati ya kushoto na kulia, mengine yalitoka yenyewe.

"Mtoto hakujui. Unaona? Mtoto hakujui!"

"Naona, mayu."

"Umekaa na hilo gari mwaka mzima. Kwa nini hukujifunza?"

Bujiku alipanda kilima kizima kabla ya kujibu. Angeweza kusema kazi zilikuwa nyingi. Lakini mtu aliyefungwa mto wenye maua mgongoni hana sifa kubwa ya kuilinda.

"Niliogopa Makoye atanicheka."

Kisha keria ilianza kutikisika. Bujiku alidhani ni mtoto amebanwa tena, akageuka kwa hofu, na kwa mara ya kwanza akauona uso wa mama mkwe wake. Ulikuwa umejaa machozi, na ulikuwa unacheka.

"Angalia mbele, mjinga wee!"

*

Uwanja wa mnada ulikuwa pande zote mbili za barabara, na hapakuwa na njia ya kuuzunguka. Ng'ombe, vumbi, moshi wa nyama, na kila mtu aliyemjua Bujiku.

"Bwana Pembeni! Gari limepungua magurudumu!"

"Na huyo ni mke mpya wa machimboni? Mbona umemwekea godoro mgongoni?"

"*Usingizi Mwema!*" mmoja alisoma kwa sauti, na uwanja ukapasuka kwa kicheko.

Kisha mtu akamtambua aliyekaa nyuma. Kicheko kilikatika kwanza karibu na barabara, kikaendelea kukatika kuelekea ndani, na wanaume wazima wakaanza kutazama kwato za ng'ombe wao. Bujiku angependelea wangeendelea kucheka. Mama Zipora aliivuta khanga ikamfunika mpaka puani.

Lakini kelele zilikuwa zimemwamsha Mbuke. Aliinua kichwa, akaona pembe, vumbi na nyuso, na midomo ikaanza kutetemeka.

"Imba," alisema bibi.

"Mimi?"

"Mimi pumzi zimekwisha. Imba kitu, analia!"

Bujiku alijua nyimbo za aina moja tu, zile za shimoni, ambazo wachimbaji huimba wakivuta kamba, na ambazo hakuna mwanaume aliyewahi kuziimba mbele ya mama yake, seuze wa mke wake. Alitafuta yenye haya kidogo. Haikuwepo. Mtoto alivuta pumzi ya kwanza ya kilio.

"*Mwamba una wivu,*" aliimba Bujiku, katikati ya mnada, sauti ikipasuka, "*kama mke wa pili, ukimgusa huku, anageuka huku...*"

Mbuke alinyamaza kwa mshangao. Sauti ilikuwa inatoka kwenye mto. Aliweka sikio lake pale kwenye maua, asikilize. Bujiku alifika mwisho wa ubeti, na ubeti uliofuata ulikuwa mbaya zaidi, akasita.

"*Ukimgusa huku,*" aliitikia Mama Zipora kutoka ndani ya khanga, kwa sauti kavu isiyo na aibu yoyote, "*anageuka huku.* Endelea! Usikate!"

Wakapita mnada mzima hivyo, mkwe akianzisha na mama mkwe akiitikia, wanaume mia wakitazama chini.

*

Hospitalini, muuguzi aliwapokea mlangoni. Alimwona mwanaume mwenye kandambili moja na mto mgongoni, na mwanamke aliyejaa vumbi nyuma yake.

"Baba na mama wa mtoto ni nyie?"

"Baba ni mimi," alisema Bujiku.

"Na mama?"

"Mama yuko Ngokolo."

Muuguzi alimtazama Mama Zipora kuanzia juu mpaka chini, akajichorea habari yake mwenyewe. "Sawa. Haya ya nyumbani kwenu mtayamaliza nyumbani."

Walimpeleka Mbuke chumba cha ndani, wakamchoma sindano ya usingizi. Mlango ukafungwa. Bujiku na mama mkwe wake walisimama kwenye ukumbi, na hapo kila mmoja akakumbuka, akatafuta ukuta wake. Yeye alipata wenye picha ya chanjo. Bibi alipata dirisha. Hapakuwa na mtoto wa kupitishia maneno, na njia ile nyingine, ya barabarani, wote wawili waliona kama ilikuwa ya watu wengine.

Ilichukua muda. Mara moja kulisikika chombo kikianguka ndani, na Mama Zipora magoti yakamlegea.

"We baba," muuguzi aliyekuwa akipita alikemea, "mshike mkeo, huoni anaanguka?"

Walirukiana mbali kama watu waliomwagiwa maji ya moto. Mama Zipora akapona magoti papo hapo.

Daktari alitoka na kisahani. Karanga ilikuwa imevimba, imepasuka ganda lake jekundu. "Ingekaa mpaka jioni ningekuwa naongea nanyi mambo mengine," alisema. "Atalala hapa leo. Kesho nendeni naye. Na akilia, mwacheni alie. Sasa hivi kilio hakina madhara."

Bujiku alimshukuru daktari, akamshukuru muuguzi, akamshukuru mfagiaji aliyekuwa akipita. Kisha alitoka nje, akaegemea baiskeli ya Mageni, na kwa kuwa hakutaka watu wauone uso wake, akajifanya anaukagua mnyororo.

*

Kesho yake asubuhi aliisogeza baiskeli mbele ya lango, akiwa ameufunga mto tayari. Mama Zipora alitoka na Mbuke mgongoni, mtoto bado amelewa usingizi wa dawa. Alipita kando ya keria kama anapita kando ya kinyesi cha ng'ombe, akashika njia kwa miguu.

Bujiku hakuuliza. Jana kulikuwa na haja, leo haikuwepo. Aliufungua mto, akaufunga kwenye keria alipopaswa kukaa mtu, akaanza kukokota. Alikaa nyuma kwa umbali wa heshima, kiasi cha kuona khanga lakini asione kisigino. Mtu mwenye gari na baiskeli, akitembea kwa mguu mmoja wenye kandambili. Alijicheka mwenyewe, kimya kimya, kwa sehemu kubwa ya njia.

Jua lilipokuwa limepanda sana, alimwona amesimama chini ya kivuli cha mgunga. Naye akasimama, akingoja aendelee. Mama Zipora alifungua mbeleko. Alitandika khanga chini, akamlaza mtoto juu yake, akamnyoosha miguu. Akajinyoosha mgongo, mikono kiunoni, mwanamke mzima aliyebeba kwa siku mbili. Hakutazama nyuma. Kisha akaondoka, mikono mitupu, mtoto akabaki pale kivulini.

Ilimchukua Bujiku muda kuelewa kwamba ni yeye aliyeachiwa.

Aliitupa baiskeli, akakimbia. Alipofika alipiga magoti, akainama, bila kujua ashike wapi kwanza, kichwa au makalio. Mbuke alifumbua macho. Aliziona ndevu. Aliyaona macho mekundu. Alivuta pumzi ndefu, kwa pua zote mbili, ikaingia safi bila mlio, akaitoa yote kwa yowe moja lililowarusha njiwa kutoka kwenye mgunga.

Baba yake alimnyanyua. Mbuke alimpiga teke la tumbo, akamng'oa kifungo, akalia mpaka uso ukawa na mikunjo.

"Lia," alisema Bujiku. Alimweka begani, akaiinua baiskeli kwa mkono mmoja, akaanza kutembea. "Lia, mama. Lia kwa sauti. Lia mpaka nyumbani."

Naye Mbuke alilia, na mbele yao, mbali, Mama Zipora alilisikia lile yowe likimfuata, likipanda na kushuka vilima, wala halikukatika. Hakugeuka. Alikuwa akitembea na kulisikiliza.